Makangaga na Makumbi

Jua huingia kiwandani mwangu mara moja kwa siku. Huja saa sita kasorobo, likateremka ukutani taratibu kama mtu aliyebeba kikombe cha chai na hataki kimwagike, likagusa sakafu, na kabla ya saa saba limekwisha kupanda ukuta wa pili na kwenda zake. Saa zilizobaki ni kivuli kitupu. Sisi wa Lamu ule ua wa ndani, usio na paa, uliozungukwa na vyumba na kuta ndefu, twauita kiwanda. Wageni wakisikia hudhani nina mashine. Nina makangaga.

Yamejaa pande tatu. Yale ya majani marefu yananing'inia kutoka kwenye vidaka vya ukutani, na yale madogo, yenye vijiti vyeusi vyembamba kama unywele, yamekaa chini karibu na birika, lile hodhi la maji la mawe, ambako hewa huwa na unyevu hata miezi ya joto. Asubuhi nikifungua mlango wa chumba changu, kabla sijawaza lolote, harufu yake hunifikia. Ni harufu ya udongo uliolowa na kitu kibichi. Mji wetu unanuka chumvi, chokaa, punda na ubani. Kwangu kunanuka msitu, na kuna asubuhi nyingine husimama pale mlangoni kwa muda mrefu sijui kama nimeamka au bado.

Nimeingia nyumba nyingi za mji huu, za wenyeji na za wageni walionunua, na sijaona nyingine yenye makangaga kama haya. Nasema bila haya, kwa sababu sikurithi kitu. Nyumba hii niliinunua ikiwa nusu gofu, popo wamelala vyumbani, kwa jasho langu mwenyewe. Niliondoka Ndau, kisiwa nilikozaliwa, nikiwa na miaka kumi na tisa na mkoba wa kuazima. Nilisoma stashahada ya kilimo cha bustani huko bara, nikijilipia karo kwa kumwagilia maua ya watu wengine alfajiri na kuingia darasani nikiwa na viatu vilivyolowa. Nikafanya kazi miaka mingi kwenye yale mahema makubwa ya plastiki yanamokuzwa maua karibu na ziwa. Kisha nikaenda Ghuba. Wenzangu wengi walikwenda kupika na kufua, na hiyo ni kazi ya halali, siidharau. Lakini mimi nilikwenda na cheti changu ndani ya bahasha, na hoteli iliyoniajiri ilinikabidhi bustani yenye kivuli katikati ya jangwa. Niliifanya ikawa bustani ambayo maharusi walikuja kupigia picha. Cheti hicho sasa kiko ukutani sebuleni, ndani ya fremu, na anayeingia hawezi kukikosa.

Niliporudi nilikuwa na kila kitu isipokuwa mama.

Mama alizaliwa humu humu mjini, kwenye nyumba ya mawe ambayo leo ni ya watu wengine, akaolewa Ndau na kubaki huko. Baba alipofariki akakaa kwa ndugu yangu mdogo, mvuvi, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyojaa wajukuu. Nyumba yangu ilipokwisha kutengenezwa, nilipanda boti nikaenda kumchukua. Sikuona kama kuna la kujadili. Mimi nina vyumba sita.

Nilimkuta barazani akichambua mchele, miguu ameinyosha, na ndugu yangu yuko kando anarekebisha wavu.

"Mama, panga nguo zako twende," nikasema. "Nyumba iko tayari. Vyumba sita."

"Vyumba sita na mtu mmoya," akasema mama bila kuinua uso. "Nitakuwa nikikutafuta kwa simu humo humo ndani."

"Kuna friji. Kuna feni kila chumba."

"Feni lanipiga kichwa. Mimi nataka baridi ya nti, si baridi ya stima."

Ndugu yangu akacheka. Mimi nikakasirika kidogo, maana zile feni nilizichagua mwenyewe. Nikamuuliza hiyo baridi ya nchi ni ipi. Ndipo mama akaweka ungo chini na kunieleza habari za kisima cha kwao, alipokuwa msichana asiyeruhusiwa kutoka nje. Kisima kilikuwa ndani ya nyumba, na kwenye mawe yake ya ndani, chini ya ukingo, yaliota makangaga madogo ya vijiti vyeusi. Saa ya adhuhuri, watu wazima wakilala, yeye na dada zake walikuwa wakiinama pale. Majani yaliwagusa mashavu. "Hapana mtu aliyetwambia ni baridi," akasema. "Tulijua wenyewe." Alipokuwa akisema macho yake yalikwenda mbali, na kwa kitambo nilimwona huyo msichana, kisha akaurudia mchele wake.

"Basi nitakuoteshea makangaga," nikasema.

"Lamu?" ndugu yangu akaacha wavu. "Kwa mai yale ya chumvi? Dada, pale hata mtende walalamika."

"Mimi nimeyaotesha jangwani."

"Jangwani kulikuwa na tajiri wa kuyanunulia mai."

"Na hapa nipo mimi."

Mama alituangalia wote wawili kama anayetazama kuku wakigombea punje. "Haya, Bi Stashahada," akasema. "Yakishika kabla ya Ramadhani, nitakuya kufunga kwako. Yasiposhika usinitumie boti tena. Nitakaa hapa kwa mwanangu mume mpaka Mola anichukue, na usinuniane na mtu."

Wengine waliucheka huo mkataba. Mimi sikucheka. Tangu nilipoondoka sikuwahi kufunga mwezi hata mmoja chini ya paa moja na mama. Ramadhani zote za Ghuba nilifuturu na wafanyakazi wenzangu kwenye meza ndefu, chakula kizuri kabisa, na kila mara nilipomeza tende ya kwanza nilijiambia: ukipata nyumba yako, utamweka mama kichwani pa mkeka. Sasa nyumba ninayo. Mkeka ninao. Na mama alikuwa ameniwekea sharti la majani.

Nilianza kazi kwa furaha, maana ilikuwa kazi niijuayo kuliko kuandika jina langu. Adui wa kangaga kisiwani kwetu ni chumvi. Maji ya kisima cha nyumba yana chumvi, maji ya bomba yana chumvi miezi ya ukavu, na upepo wenyewe huja na chumvi mdomoni. Kwa hiyo nilifunga mabati ya kukingia mvua pande zote za dari, lile paa bapa la juu, nikaweka tangi kubwa, nikanasa mvua ya mwisho ya masika. Nina kipimo kidogo, nilikuja nacho kutoka Ghuba, ambacho ukikitumbukiza ndani ya maji kinakuonyesha namba ya chumvi yake. Maji yangu ya tangi yalitoka safi kama machozi ya mtoto mchanga. Nilikipeleka kipimo hicho hata kwa majirani nikawapimia maji yao bila kuombwa, nikawaambia wanachokunywa ni nini. Hawakufurahi sana, lakini elimu ni elimu.

Kilichobaki kilikuwa kitu cha kuoteshea. Kangaga halipendi udongo mzito. Kule kwenye maua tulitumia nyuzi za makumbi ya nazi, zilizokuja zimeshindiliwa kama matofali. Ukilitia tofali maji linafura, linakuwa laini, na mizizi inapita ndani yake kama vidole kwenye nywele. Nikacheka peke yangu. Bara wanaagiza makumbi kwa meli, na mimi nakaa kwenye minazi!

Nyuma ya mji kuna mwanamke msokota kamba, wa rika langu, mrefu, ana sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo. Kamba za vitanda vya watu wengi hapa zimepita mapajani pake. Nilimkuta amekaa katikati ya lundo la nyuzi za rangi ya asali, anasokota bila kutazama mikono.

"Nataka magunia manane," nikamwambia.

"Manane? Wataka kuifunga Lamu isikimbie?"

"Nataka kuoteshea makangaga."

Mikono ikasimama. "Haya ni ya kamba, Bi. Nimeyafukia topeni ufuoni miezi sita, ndipo nikayaponda."

"Vizuri sana. Yamelainika. Ndivyo yanavyotakiwa." Nikamweleza, kwa urefu, kuhusu mizizi na hewa na unyevu. Nilitaja na vyuo. Alinisikiliza mpaka mwisho, midomo ameibana kama mtu aliyeshika pini.

"Haya," akasema. "Weye ndiye uliyesoma."

Makangaga yalikuja kutoka Mombasa kwa basi, kisha kwa boti, yamefungwa magazeti yaliyolowa. Siku mbili nilizipitisha nimepiga magoti kiwandani, nikiyaingiza vyunguni moja moja. Makumbi yaliniishia vikiwa vimebaki vyungu viwili, nikavijaza majani yaliyooza niliyokuwa nimeletewa kutoka shamba la mikorosho la Kililana, nikavisukumia kwenye kidaka cha pembeni ambapo havitaonekana sana.

Wiki tatu za kwanza sitazisahau. Nyumba ilibadilika sauti. Nyayo zangu zilisikika zimelainika, na sauti za njiani ziliingia zimechujwa, kana kwamba mji umehamia mbali kidogo. Adhuhuri nilitandika mkeka nikalala pale katikati, nikatazama kipande cha mbingu kilichokatwa pembe nne, na ndege aliyepita alipita upesi hata sikujua nimemwona au nimemfikiria. Paka wa jirani alikuja, akanusa, akalala. Nilichukua video kwa simu, nikazunguka kiwanda kizima polepole, paka akikatiza mbele yangu, nikamtumia mama kupitia simu ya ndugu yangu. Jibu lilikuja kwa sauti yake: "Mashallah. Lakini kuya si kushika. Tutaona."

Majirani walikuja kutazama. Niliwapitisha chungu kwa chungu. Mmoja wao, mama mnene mwenye vichekesho anayekaa nyumba ya mlango wa pili, alisema, "Bi Diploma, ukifa tutakuzika humu humu, pepo umeitanguliza." Nilimwambia kwamba pepo haiji kwa kukaa barazani kungoja. Maneno hayo nayakumbuka vizuri, kwa sababu baadaye aliyakumbuka yeye pia.

Wiki ya nne ncha za majani zikageuka rangi ya chai. Nilizikata kwa mkasi. Wiki ya tano rangi ile ilishuka hadi katikati. Majani mapya yalitoka yamejikunja kama ngumi na hayakufunguka, yakakauka hivyo hivyo, ngumi zimefumbwa.

Mimi najua ugonjwa huo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaujua: ni chumvi. Lakini nilitumbukiza kipimo tangini na kipimo kikaniambia maji ni matamu. Nikalaumu upepo, nikatundika shuka upande wa bahari. Nikalaumu chokaa ya kuta. Nikalaumu moshi wa kaimati za jirani. Mama yule mnene alinong'ona kwamba ni jicho, kwamba nimetembeza watu wengi mno. Nilimwambia mambo hayo hayamo kwenye mtaala. Alipoondoka nilifukiza ubani vyumba vyote, na kiwandani mara mbili.

Nikazidi kumwagilia. Jioni za siku zile nilikaa kwenye ngazi nikiyatazama yakifa katika kivuli kizuri kile, kimya kimya, bila hata kudondosha jani. Ndugu yangu akapiga simu. "Mama auliza makangaga yako hali gani."

"Yanaendelea," nikasema.

"Tuma video basi, atazame."

Nikamtumia ile ya kwanza. Baada ya wiki mbili akaomba tena, nikamtumia ile ile. Sijawahi kujidharau kama nilivyojidharau nilipokibonyeza kile kitufe. Nilikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye nyumba na cheti, namdanganya mama yangu kwa majani ya mwezi uliopita.

Aliyenitoa gizani hakuwa na kipimo. Msokota kamba alikuja kunifungia kitanda cha chumba cha chini, kile nilichomtengenezea mama. Alipita kiwandani na furushi la kamba begani, akasimama.

"Ehe. Ndiyo haya?"

"Ndiyo haya," nikasema. Sikuwa na somo siku hiyo.

Aliinama, akachomoa unyuzi kwenye chungu, akautia mdomoni akatafuna kama anayetafuna mswaki. Akatema pembeni. Akachomoa mwingine akanipa.

"Onja."

Nilionja. Chumvi ya tope la bahari ilinijaa ulimi mzima.

Tulitazamana. Kipimo kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikikamua chungu kimoja maji yake kwenye bakuli, nikatumbukiza kipimo, na namba ikapanda mpaka nikaona haya kuisoma. Nilikuwa nimepima kila tone lililoingia na sikupima hata moja lililotoka. Nikatazama kule kwenye kidaka cha pembeni: vile vyungu viwili vya majani ya mikorosho vilikuwa vimestawi, kijani kibichi, havina hata doa. Vilikuwa pale siku zote vikiniambia, na mimi nilidhani vimependelewa na kivuli.

"Nilikwambia nimeyafukia topeni," akasema.

"Uliniambia."

"Ukanipa mhadhara."

"Nilikupa."

Akaangua kicheko kikubwa, akakaa kwenye ngazi, akafuta macho kwa ukaya wa buibui. "Sisi kamba twaitaka na chumvi yake, Bi. Kamba iliyokunywa bahari haiozi upesi. Mteja akinambia anataka makumbi ya kuoteshea mti, mimi nitamfikiria ni mjinga, lakini ningekuuliza mara ya pili. Ila ulinitisha na vyuo vyako."

Nikamweleza jinsi ilivyokuwa kule bara, yale matofali. Akauliza ni nani aliyeyaosha. Miaka yote ile kuna watu mahali fulani, pengine wanawake kama yeye, walisimama ndani ya maji wakayaosha makumbi mara kumi ndipo yakanifikia, na mimi niliandika mtihani mzima juu ya makumbi bila kujua kwamba kazi hiyo ipo.

Makumbi yakioshwa vya kutosha yanafaa, hilo nalijua. Lakini maji? Tangi lilikuwa limebaki robo. Ya kisima yangeongeza chumvi juu ya chumvi. Ilibaki kungoja mvua za vuli, na vuli yetu ni bahili, huja ikachungulia ikarudi. Dari yangu peke yake isingetosha.

"Kuna mlizamu kila nyumba," akasema msokota kamba, akionyesha juu, kule maji ya mvua yanakomwagikia njiani kutoka kwenye madari ya watu. "Weka gunia chini ya kila mmoya. Mvua itaosha bure."

"Ni ya majirani."

"Basi kawaombe."

Hapo ndipo nilipoujua uzito wa mdomo wangu. Niliwapimia maji yao nikawacheka. Sasa nilipita mlango kwa mlango, magunia begani kwa punda, naomba maji ya mvua ya madari yao. Mama yule mnene alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amekaa barazani.

"Bi Diploma," akasema, "pepo haiji kwa kukaa barazani kungoja."

"Nisamehe, Bi."

"Sikusamehe mpaka unipe chungu kimoya. Weka gunia lako. Weka mawili, mlizamu wangu una nguvu."

Kabla ya mvua nilimpigia mama. Sikutaka kuanza upya nikiwa na uongo ule mgongoni. Nilimwambia, "Mama, makangaga yalikufa."

"Najua."

"Nani amekwambia?"

"Paka. Video tatu, paka yule yule apita mahali pale pale, atikisa mkia vile vile. Nikamwambia ndugu yako, huyu paka amefundishwa." Nilisikia wajukuu wakilia nyuma yake. Nikangoja aseme mkataba umekwisha. "Ramadhani bado," akasema. "Otesha."

Mvua ya kwanza ya vuli ilikuja mchana, baada ya sala ya adhuhuri, bila ngurumo. Nilikuwa mlangoni. Njia yetu ni nyembamba, punda wawili hawapishani bila kusalimiana, na maji yalianza kudondoka kutoka juu, kushoto na kulia, kwenye magunia yaliyopangwa mpaka penye kona. Kila gunia lilitoa sauti yake. Maji yaliyotoka chini yake yalikuwa mekundu kama maji ya magome ya mkandaa, yakatiririka katikati ya njia, na watu walipita wamekunja kanzu, wanauliza, wanajibiwa kutoka madirishani, wanacheka. Msokota kamba alitembea gunia kwa gunia akiyageuza, miguu mitupu, amelowa chapachapa. Mimi nilifuata nyuma na kipimo. Namba ilishuka. Nilisimama chini ya mvua ile ya uvuguvugu, na harufu ya makumbi, na sauti za wanawake juu yangu, na nikawa kama niliyelala nikiwa nimesimama. Sijui ilinyesha muda gani. Ilipokatika, kanzu zilishuka na njia ikarudi kuwa njia.

Ilinyesha mara nne tu msimu ule. Mara ya nne maji yaliyotoka yalikuwa meupe na kipimo changu kilitulia. Msokota kamba alitafuna unyuzi, akatikisa kichwa, akasema bado kidogo. Nikayasuuza makumbi tena na maji ya tangi, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kuheshimu vyombo vyote viwili.

Nilivigawa vile vyungu viwili vilivyopona, mizizi vipande vipande kwa kisu, nikaagiza mengine machache ya vijiti vyeusi. Safari hii sikumwita mtu kutazama. Nilikaa nayo. Nilikuwa nikiamka, nainama juu ya chungu, natafuta ile ngumi ndogo ya jani jipya. Siku moja ilikuwa imefunguka kidole kimoja. Siku ya pili viwili. Kazi ya kangaga haina haraka, na mtu akiitazama kila siku naye hupunguza mwendo, anaanza kuzisikia pumzi zake mwenyewe. Ulipoingia mwezi wa Shaabani, majani ya vidakani yalikuwa yanateremka ukutani kama maji, na chini karibu na birika vile vijiti vyeusi vilikuwa vinatetemeka kwa upepo ambao mimi siusikii.

Sikutuma video. Nilimtumia mama boti.

Alikuja na kifurushi kimoja cha nguo, cha mtu anayelala siku chache. Kutoka bandarini alitembea polepole, akisimama kila mlango anaoukumbuka, akitaja waliokuwa wakikaa humo, wote wamekufa. Alipoingia kwangu hakutazama cheti. Alipita moja kwa moja mpaka kiwandani, akasimama, mkono kiunoni. Nilisubiri. Nilikuwa nimesubiri kwenye mahojiano ya kazi ya watu wenye tai, na moyo haukunipiga vile.

"Yameshika," akasema.

"Yameshika, mama."

"Yameshika mno. Nitaanika wapi nguo zangu?"

"Juu darini kuna kamba."

"Darini kuna yua la kuniua. Sogeza haya."

"Mama, hayo yanataka kukaa pale, kuna unyevu wa birika. Kitaalamu..."

"Sogeza."

Nikasogeza. Mwezi mzima wa Ramadhani nilisogeza. Kila alasiri, kabla ya kuanza kukanda unga wa mkate wa mofa, alikuwa akiviangalia vyungu kama anavyoangalia wajukuu wake waliokaa vibaya, akanionyesha kwa kidole: hiki huku, hiki kule, hiki kimekasirika kipe mgongo. Aliyapeleka ya kivulini penye mwanga na ya mwangani kivulini, kinyume na kila nilichofundishwa, na mawili yalinyauka na mengine yote yakaongezeka. Nami nilichukua maji kwa kikombe nikayafuata alikoyaweka. Tulifuturu pale pale chini, yeye kichwani pa mkeka, na jirani mnene akapita kila siku ya tatu kuja kukitazama chungu chake, maana alikataa kukichukua. Alisema kwake kina upweke.

Idi ikaja, ikapita. Siku ya nne ndugu yangu akapiga simu. Mama alikuwa amelala usingizi mwepesi wa mchana kiwandani, kanga usoni. Nikaweka sauti ya nje ili asikie mwenyewe.

"Mama, nije nikuchukue Alhamisi au Ijumaa?"

Mama hakuitoa kanga usoni. Mimi nikaisogeza simu karibu naye.

"Usiye," akasema chini ya kanga. "Niletee sanduku langu."

Najua ndugu yangu ana masanduku mawili ya mama kule Ndau, la nguo za kila siku na lile kubwa la tangu alipoolewa.

"Lipi?" akauliza.

"Yote mawili."